Ufunguo Ukae na Aliye Ndani

Wasee wangu, leo sina stori ya matatu wala ya kodi ya nyumba. Leo nataka tuongee kuhusu mlango. Ule mlango wa fursa ambao makochi wa mitandaoni wanatuahidi kila Jumatatu tuuache kando kwanza. Naongea kuhusu mlango wa kawaida kabisa, wa mbao au wa chuma, ulio hapo kazini kwako sasa hivi unaposoma haya.

Swali langu ni moja. Stima ikipotea sasa hivi na chumba kijae moshi, unaweza kutoka nje bila kumwomba mtu ufunguo? Usinijibu haraka. Inuka, nenda uushike huo mlango, halafu urudi tuendelee.

Nimekuwa nikiwauliza watu swali hili hapa Lanet kwa wiki mbili. Kinyozi mmoja alicheka, akaniambia mlango wake uko wazi siku nzima, sawa. Kijana wa chumba cha gemu alinionyesha mlango mmoja mwembamba na pazia zito, na nyuma ya pazia vijana kumi na wawili wakicheza FIFA, dirisha limezibwa kwa mbao ili jua lisipige skrini. Dada wa duka la kutuma pesa ana grili mbele, ukuta nyuma, na mlango mdogo wa pembeni ambao jioni unafungwa kufuli kwa nje wakati yeye yuko ndani anahesabu pesa. Nikamuuliza, "Dada, na ukitaka kutoka?" Akaniambia, "Nampigia bosi simu." Na simu ikizima chaji? Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimekuja kutuma pesa ama kumtisha.

Sitaki kumtisha mtu. Lakini acha tuseme ukweli: sisi hapa tumejenga kila kitu tukimfikiria mwizi.

Na tuna sababu. Watu wa Lanet wanamjua mwizi vizuri. Marehemu Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja alijulikana hadi nje ya nchi mwaka 2012 kwa kutumia Twitter kuwaamsha watu wake. Kuna usiku mwendo wa saa kumi alituma ujumbe kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu, na ndani ya dakika chache majirani wakajaa nje ya ile nyumba, wezi wakatoroka. Hiyo stori bado inatupa raha. Lakini iangalie tena vizuri. Ilifanya kazi kwa sababu majirani waliweza kufungua milango yao na kutoka. Sasa fikiria ujumbe uwe wa moto, watu wafike na ndoo za maji, wakute kufuli kubwa kwa nje na sauti za watu ndani, na mwenye ufunguo yuko kwake mjini amelala.

Mwizi wa nyumbani anatoka nje. Kazini mambo hubadilika. Huko mwizi ambaye bosi anamwogopa mara nyingi ni wewe, uliye ndani. Kwa hiyo kufuli halimzuii mtu kuingia, linakuzuia wewe kutoka.

Hilo nalijua kwa kuliishi. Miaka michache iliyopita nilifanya kazi ya usiku mahali fulani kwenye hii barabara kuu ya Nairobi. Jina sitataja. Tulikuwa vijana kumi na mmoja kwenye chumba cha kupakia bidhaa. Maboksi yamepangwa hadi karibu na dari, plastiki ya kufungia imejaa sakafuni, madirisha yako juu kabisa chini ya mabati na yana nyaya. Saa mbili usiku msimamizi anafunga kufuli kwa nje anaenda zake. Saa kumi na moja alfajiri anarudi kufungua. Tuliambiwa sababu ni kwamba bidhaa zilikuwa zinapotea. Ukitaka choo, kulikuwa na ndoo kwenye kona.

Nje alilinda mzee mmoja mpole sana ambaye sote tulimwita Guka. Usiku wa pili nikaongea naye kupitia ule mwanya wa chini ya mlango.

"Guka, ufunguo uko wapi?"

"Msimamizi ameenda nao, kijana wangu."

"Na wewe hukuachiwa hata mmoja?"

"Wangeniachia mimi, si wangesema ni mimi naiba?"

"Na moto ukishika huku ndani?"

Akakaa kimya, kisha akasema, "Mtapiga kelele. Nitatafuta shoka."

Alisema kweli, na nilimheshimu kwa kutonidanganya. Mpango wetu wote wa kuokoka ulikuwa mzee mmoja, shoka ambalo bado litatafutwa, na mlango wa chuma. Kesho yake tulimuuliza msimamizi, akasema anayeogopa aende nyumbani. Nilimaliza wiki tatu nikalipwa nikaondoka. Moto haukutokea kamwe. Na hapo ndipo ugumu wa kuwashawishi watu ulipo, kwa sababu kila usiku unaopita salama, bosi anauhesabu kama ushahidi kwamba kufuli lake ni sawa.

Lakini kuna mahali usiku haukupita salama, na tunazo tarehe.

Tuanze mbali kidogo, kwa sababu sababu ni ile ile ya bidhaa kupotea. Tarehe 25 Machi 1911, New York, kiwanda cha kushona blauzi kilichoitwa Triangle kilishika moto kwenye ghorofa za juu za jengo. Wafanyakazi 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji. Ghorofa ya tisa kulikuwa na mlango wa ngazi uliokuwa umefungwa kwa ufunguo. Desturi ya kiwanda ilikuwa watu watokee upande mmoja ili mikoba yao ikaguliwe, wasiibe vitambaa. Wengine waliruka madirishani. Vitambaa, jameni.

Sasa rudi nyumbani. Usiku wa tarehe 26 Machi 2001, shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos. Wavulana 67 walikufa kwenye bweni lililochomwa. Bweni lilikuwa na milango miwili, mmoja ukiwa umefungwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Waliowasha moto walikuwa na kosa lao, hakuna anayekataa. Lakini kiberiti kinawasha moto tu. Idadi ya watakaoshindwa kutoka inaamuliwa pia na mlango.

Halafu tarehe 28 Januari 2009, duka la Nakumatt Downtown katikati ya Nairobi. Karibu watu 30 walipoteza maisha. Baadhi ya walionusurika walisema milango ilifungwa ili watu wasitoke na mali, na jambo hilo lilizua ubishi mkali. Sisi wa Nakuru wiki hiyo tunaikumbuka zaidi kwa Sachangwan, maana siku tatu baadaye lori la mafuta lililipuka kule karibu na Molo na kuua zaidi ya watu 100. Msiba mmoja ukaufunika mwingine, na mjadala wa milango ukapotea kwenye moshi wa ule wa mafuta.

Sasa mtu ataniambia, "Wewe, moto ukishika si tutavunja mlango?" Ndugu yangu, hutapata hiyo nafasi. Moto tunaouona kwenye sinema ni wa kuangaza, mtu anakimbia katikati yake akikohoa kidogo. Moto wa kweli ndani ya chumba ni giza. Plastiki, sponji na maboksi yakishika, moshi mweusi unajaa kuanzia darini kushuka, na ndani ya dakika chache huoni mkono wako. Ndani ya huo moshi kuna kaboni monoksaidi, ile ile gesi inayoua watu huku kwetu msimu wa baridi wakilala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Haina harufu, na inakulegeza kabla hujajua kinachoendelea. Watu wengi kwenye moto wa ndani ya jengo huuawa na moshi hata kabla miali haijawafikia. Kwa hiyo muda wa kutafuta shoka haupo. Muda wa kumpigia bosi simu haupo.

Hapa acha nieleze kitu ambacho watu wengi wanachanganya, hata mimi nilieleweshwa na fundi. Kuna milango ya aina mbili kwenye haya mambo.

Wa kwanza ni mlango wa kuzuia moto. Huu kazi yake ni kubaki umefungwa. Ni mzito, umetengenezwa kustahimili moto kwa muda uliopimwa, kwa mfano dakika 30 au 60. Una mkono juu unaourudisha wenyewe ukipita, na pembeni mwingi huwa na ukanda unaovimba ukipata joto, unaziba mwanya ili moshi usipite. Unawekwa kwenye ngazi, kwenye korido, kwenye chumba cha mitambo ya stima. Haufungwi kwa kufuli, ila unajirudisha tu. Unakununulia dakika za kushuka ngazi ukipumua hewa safi. Na nyinyi mnaofanya kazi kwenye maghorofa ya mjini mnajua unavyotendewa: umewekewa jiwe ukae wazi hewa iingie. Kuna jengo moja nimeona umezuiwa kwa mtungi wenyewe wa kuzimia moto. Yaani vifaa viwili vya usalama vimeharibiana kazi.

Wa pili ni mlango wa kutokea wakati wa dharura. Huu kazi yake ni kufunguka. Ufunguke kwa nje, kwa sababu watu wakiwa na hofu wanasukuma mbele, na mlango unaofunguka kwa ndani unabanwa na miili ya watu wale wale wanaoutaka. Ufunguke bila ufunguo. Na mbele yake kusiwe na maboksi, pikipiki ya bosi wala magunia ya unga.

Sasa niwageukie wenzangu wa maudhui, kwa sababu sisi pia tunafanya kazi kwenye vyumba vilivyofungwa na hatujihesabu kama wafanyakazi. Studio zetu nyingi hapa mtaani ni bedsita. Tunabandika sponji ukutani na trei za mayai darini ili sauti iwe safi. Dirisha tunaliziba kelele za boda zisiingie. Halafu ndani ya hicho chumba tunaweka taa za kupigia video, kompyuta, chaja nne na ekstensheni moja iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine. Stima ikipotea na kurudi kwa nguvu, tunaomba Mungu.

Kwanza, trei za mayai hazizuii sauti kutoka nje. Zinapunguza mwangwi kidogo tu, na ni karatasi, zinawaka. Pili, sponji ya kawaida ya godoro ni mafuta yaliyoganda. Tarehe 20 Februari 2003, ukumbi wa muziki ulioitwa The Station, kule West Warwick, Rhode Island, Marekani, ulikuwa umebandikwa sponji ukutani ili kelele zisiwasumbue majirani. Fataki za jukwaani zikaishika ile sponji. Ndani ya dakika chache ukumbi wote ulikuwa unawaka, na watu 100 wakafa. Ukumbi ule ulikuwa na milango mingine, lakini wengi walikimbilia ule waliouingilia, wakabanana pale mlangoni. Ndivyo binadamu alivyo: akiogopa anarudi njia anayoijua. Ndiyo maana njia ya pili huwa unaionyesha watu kabla ya siku ya hatari. Mgeni akija kwenye studio yangu kurekodi, kabla ya kumwekea maiki namwonyesha pa kutokea. Wengine hucheka. Ni sekunde kumi.

Na sheria ipo, tusijifanye hatuna. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema wazi kwamba mtu akiwa ndani ya mahali pa kazi, mlango wa kutokea usifungwe kwa namna ambayo hauwezi kufunguliwa kwa urahisi na mara moja kutoka ndani. Kutoka ndani, wasee. Rudia hayo maneno. Kanuni za kupunguza hatari ya moto kazini, zilizotoka mwaka huo huo wa 2007, zinataka pia zoezi la kutoka wakati wa moto lifanywe angalau mara moja kila miezi 12. Jiulize mara ya mwisho mlifanya lini. Sheria hiyo hiyo inakulinda ukiondoka mahali ambapo una sababu ya kuamini pana hatari kubwa ya papo hapo kwa maisha yako. Hutakiwi kufutwa kazi kwa hilo. Hata mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 ulishasema mabweni yasifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, milango ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na grili. Lakini tarehe 5 Septemba 2024 tukazika... ngoja, tukaanza kuhesabu wavulana wa Hillside Endarasha, Nyeri, hadi tukafika 21. Kilomita si nyingi kutoka hapa ukivuka Aberdare. Karatasi tunazo. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kuushika mlango.

Najua pia kwamba sheria haikupi chakula. Ukiwa kibarua wa siku, kumwambia bosi "mimi siingii humo" ni kumwambia akupe nafasi mtu mwingine, na foleni ya watu iko getini. Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Ndiyo maana nasema jambo hili lisiulizwe na mtu mmoja. Mkiwa kumi na mmoja mnaouliza swali moja kwa heshima, ni vigumu kuwafukuza wote usiku ambao mzigo unatakiwa alfajiri.

Na kwa mabosi, nawaelewa. Wizi upo, na hasara mnaijua nyinyi. Lakini hakuna anayewaomba muache mlango wazi. Kuna vitasa ambavyo nje vinahitaji ufunguo na ndani unazungusha kwa vidole tu. Kuna mlango wenye chuma cha kusukuma kwa kiuno, ukiugusa unafunguka hata kama nje umefungwa. Unaweza kuuwekea king'ora, ukifunguliwa bila sababu mtaa mzima usikie. Kamera siku hizi hata kibanda cha chipsi kinayo. Ukitaka mfano wa karibu, muulize yeyote aliyefanya kazi kwenye vyumba baridi vya maua kule Naivasha. Mlango wa chumba baridi uliotengenezwa vizuri una kitu cha kusukuma upande wa ndani, ili mtu asije akafungiwa na baridi usiku kucha. Kama tumeweza kulinda mtu asigande, tunaweza kumlinda asiungue. Hesabu ni moja: kufunga kwa nje kunakubalika, mradi ndani kunafunguka.

Nilipokodi chumba changu cha kazi hapa karibu na steji, kilikuwa na mlango mmoja na dirisha lenye grili iliyochomelewa. Nikamwendea mwenye ploti.

"Mzee, naomba nibadilishe hiyo grili iwe ya kufunguka."

"Kijana, unataka kuniletea wezi?"

"Hapana mzee. Itakuwa na bawaba upande mmoja, na komeo kwa ndani. Aliye nje haifikii."

"Na gharama?"

"Yangu. Nataka nikiwa humo siku mbaya ikija nitoke, nije nikulipe kodi."

Alicheka, akakubali. Fundi wa jua kali aliimaliza asubuhi moja. Aliikata, akaitia bawaba mbili na komeo, akapaka rangi. Mlango wenyewe nikauwekea kitasa cha kuzungusha kwa ndani. Chini ya meza hakuna ekstensheni juu ya ekstensheni, na ukutani nina pazia mbali na taa na soketi. Sauti ya video zangu mnaisikia, haina shida. Boda zikisikika kidogo, basi mjue ni Lanet.

Sasa kazi ni yako. Kesho ukifika kazini, fanya mambo manne. Jaribu mlango kwa mkono mmoja, bila ufunguo. Hesabu hatua kutoka kiti chako hadi nje, maana gizani utazihitaji. Tafuta njia ya pili, hata kama ni dirisha. Ondoa kilichozuia. Na siku moshi ukija kweli, inama karibu na sakafu ambako hewa ipo, gusa mlango kwa nyuma ya kiganja kabla ya kuufungua, ukiwa wa moto tafuta njia nyingine, na ukitoka uurudishe nyuma yako, mradi hakuna mwenzako anayekufuata. Ukiwa nje piga 999 au 112. Usirudi ndani kwa sababu ya simu wala laptopu.

Na kama mlango wako unafungwa kwa nje ukiwa ndani, wewe na wenzako muulizeni bosi, kwa heshima na mkiwa pamoja: "Bosi, sisi tulio ndani tunafungua na nini?" Halafu uje hapa kwenye komenti uniambie amejibu nini. Usitaje jina la kampuni wala la mtu. Niambie jibu tu. Nataka tuyasome yote pamoja, na nitampelekea dada wa duka la pesa ayasome pia. Jana nilipita hapo, kufuli bado liko nje.